Tarehe 12 Oktoba Katika Muziki

Mwezi wa Oktoba una siku mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kenya anazijua bila kuangalia kalenda. Tarehe 10 ni Siku ya Mazingira, ambayo zamani iliitwa Moi Day na baadaye Utamaduni. Tarehe 20 ni Mashujaa, ambayo wazazi wetu waliijua kama Kenyatta Day. Siku hizo hatuji shule, basi lazima tuzipende! Lakini katikati yake ziko siku tisa ambazo hakuna mtu anayezijali. Nami nataka kuwasimulia juu ya moja kati ya hizo tisa, yaani tarehe 12.

Chanzo cha makala haya ni ubao wa chama chetu cha Kiswahili. Kila wiki mwanachama mmoja hubandika karatasi yenye kichwa "Leo Katika Historia". Wenzangu waliandika vita, uhuru na marais. Mimi niliangukiwa na tarehe 12 Oktoba, na wa kwanza kunisaidia alisema niandike Columbus, kwa sababu ndiyo siku aliyofika bara la Amerika mwaka 1492. Nikasema hapana, huyo tumemchoka darasani. Nikaenda upande wa muziki, na kumbe huko ndiko kulikuwa na hazina. Karatasi ya ubaoni haikutosha, ndiyo maana mhariri akanipa kurasa hizi.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Sisemi kwamba siku hii ina majini au bahati mbaya. Mwalimu wetu wa Hisabati alituonyesha kwamba watu 23 tu wakikusanyika katika chumba kimoja, uwezekano wa wawili wao kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Sasa dunia ina wanamuziki wangapi? Tarehe yoyote ukiichimba utakuta mmoja amezaliwa na mwingine amezikwa. Hata hivyo, mambo yaliyokutana katika tarehe hii yanafundisha jinsi muziki unavyotengenezwa na jinsi unavyosafiri, kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Tuanze na watoto wawili waliozaliwa siku moja, mwaka mmoja, tarehe 12 Oktoba 1935, kila mmoja ng'ambo yake ya bahari. Wa kwanza ni Luciano Pavarotti wa mji wa Modena, Italia. Baba yake alikuwa mwokaji mikate ambaye naye aliipenda sana kazi ya kuimba. Mtasema, aa, huyo ni mwimbaji wa opera, anahusiana vipi na muziki wa watu wa kawaida? Ngojeni kidogo. Mwaka 1990 Kombe la Dunia lilichezwa Italia, na sauti yake katika wimbo wa "Nessun dorma" wa mtungaji Puccini ikatumiwa na televisheni ya BBC kufungulia matangazo ya kandanda. Watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa opera wakawa wanaimba hewani maneno wasiyoyaelewa. Tarehe 7 Julai, usiku wa kuamkia fainali, Pavarotti aliimba Roma pamoja na Plácido Domingo na José Carreras. Hilo ndilo lile Kombe la Dunia ambalo Kameruni waliwafunga Argentina 1-0 katika mechi ya kwanza, na Roger Milla, mzee wa miaka 38, akawachezea kibendera cha kona. Wazee wengi hapa kwetu bado wanalisimulia kana kwamba lilikuwa jana.

Wa pili ni Sam Moore wa Miami, Marekani. Huyu alikulia katika uimbaji wa kanisa, na ukitaka kuelewa muziki wa soul huna budi kuanzia hapo kanisani. Mmoja anaita, wengine wanaitika. Anayeita anapandisha sauti, wanaoitika wanamsukuma, naye anapanda tena. Sam alipokutana na Dave Prater, walichukua mwito na kiitikio hicho wakavitoa kanisani wakavipeleka jukwaani, wakajulikana kama Sam & Dave. Walirekodi katika mji wa Memphis na kampuni ya Stax, na mwaka 1967 wakatoa "Soul Man", wimbo uliotungwa na Isaac Hayes na David Porter. Sikilizeni asili yake. Mwaka huo kulikuwa na ghasia kubwa katika mji wa Detroit, maduka yakawa yanachomwa. Watu weusi waliokuwa na maduka yao waliandika neno "soul" mlangoni ili wenzao wajue ni mali ya ndugu, wasiiguse. Hayes aliyaona hayo katika taarifa za habari, na kutoka katika neno la kuokolea duka ukazaliwa wimbo wa kujivunia.

Jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha, ni kwamba Sam na Dave walifika mahali hawaongeleshani. Jukwaani wanaitikiana kama mapacha, wakishuka kila mtu na njia yake, na hali hiyo ilidumu miaka mingi. Mimi nilipolisoma hilo nilishangaa: mtu unawezaje kuitikia sauti ya mtu usiyemsalimia? Dave alifariki mwaka 1988. Sam aliishi mpaka Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 89.

Sasa turuke mpaka Jumanne, tarehe 12 Oktoba 1971. Siku hiyo moja nchini Marekani ilifunga mlango mmoja ikafungua mwingine. Jimboni California alifariki Gene Vincent, yule wa "Be-Bop-A-Lula" ya 1956, mmoja wa vijana wa kwanza wa rock and roll. Alikuwa na miaka 36 tu. Mguu wake mmoja uliumia vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka 1955, na mwaka 1960 akanusurika katika ajali ya gari kule Uingereza iliyomuua rafiki yake Eddie Cochran. Siku hiyohiyo alipofariki, mjini New York kulifunguliwa mchezo wa "Jesus Christ Superstar" katika ukumbi wa Mark Hellinger. Watunzi walikuwa vijana Waingereza: Andrew Lloyd Webber, miaka 23, aliyetunga muziki, na Tim Rice, miaka 26, aliyeandika maneno. Walikuwa wamekosa mtu wa kuwagharimia kuuweka jukwaani, basi mwaka 1970 wakautoa kwanza kama santuri. Santuri ikanunuliwa, jukwaa likafuata lenyewe. Usiku wa ufunguzi kulikuwa na watu nje ya ukumbi wenye mabango, Wakristo na Wayahudi, kila kundi likilalamika kwa sababu yake, lakini mchezo ukaendelea hadi 1973, maonyesho 711. Wenzangu wa drama, mkinyimwa nafasi ya kuigiza, fikirieni njia hiyo ya santuri.

Ya mwaka 1978 nitayapita mbio kwa sababu hayanipendezi. Tarehe 12 Oktoba Nancy Spungen, mwanamke wa miaka 20, alikutwa amekufa kwa jeraha la kisu katika hoteli ya Chelsea, New York. Mpenzi wake Sid Vicious, aliyekuwa wa bendi ya Sex Pistols, akashtakiwa, lakini kabla ya kesi kusikilizwa naye akafa kwa dawa za kulevya, Februari 1979. Kuna watu wanaovaa picha ya kijana yule kifuani kama shujaa. Sijui kama wanamkumbuka yule dada.

Sasa tunafika mahali ambapo nilisimama muda mrefu. Tarehe 12 Oktoba 1985 alifariki Ricky Wilson, mpiga gitaa wa bendi ya The B-52's ya mji wa Athens, jimbo la Georgia. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ricky alikuwa akiondoa nyuzi za katikati na kuzikaza zilizobaki kwa namna yake, hivyo akawa na besi upande mmoja na sauti kali upande mwingine, katikati hakuna kitu. Ndipo ukatoka ule mlio wao wa ajabu ambao hakuna aliyeuiga vizuri. Alikuwa na miaka 32, na kilichomuua ni ukimwi. Dada yake Cindy aliimba katika bendi hiyohiyo, na hata yeye hakuambiwa kwamba kakake anaumwa. Katika bendi nzima alimwambia mmoja tu, Keith Strickland. Mjue kwamba huo ulikuwa mwaka 1985. Ugonjwa wenyewe uliripotiwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1981, na hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alijulikana 1984. Ile tiba ya kuchanganya dawa kadhaa ambayo huwawezesha watu kuishi na virusi miaka mingi ilikuja 1996. Kwa hivyo ukiwa nao wakati ule, ulikuwa peke yako na siri yako.

Miaka minne barabara ikapita. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1989, katika hospitali moja nchini Ubelgiji, akafariki Franco Luambo Makiadi. Hapa, wapenzi wasomaji, naomba mketi.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, katika nchi iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alikufa Franco akiwa bado mtoto. Mama yake alikuwa akiuza mandazi katika soko la Ngiri-Ngiri, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Mtoto akajitengenezea gitaa la kienyeji, akawa anakaa karibu na kibanda cha mama na kupiga ili wateja wasimame. Sisi wa kutwa tunaopitia sokoni kila asubuhi tunalielewa jambo hilo vizuri: palipo na muziki ndipo watu husimama, na wakisimama wananunua. Baadaye akafundishwa na mpiga gitaa aliyeitwa Paul Ebengo Dewayon, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, akaingia katika studio ya Loningisa kurekodi. Tarehe 6 Juni 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Wengi hudhani OK ni ile ya "sawa". Jina lilitoka kwa baa waliyokuwa wakipiga, O.K. Bar, ya bwana mmoja aliyeitwa Oscar Kassien. Baadaye iliongezwa TP mbele, maana yake "yenye nguvu zote".

Hapa Kenya tuna tabia ya kuita muziki wote wa Kongo "Lingala". Mtu anasema, "Dereva, tuwekee Lingala." Lingala ni lugha, si muziki. Muziki wenyewe ni rumba, uliorudi Afrika kwa santuri kutoka Kuba, na wenyeji wakautambua kama mtu anavyomtambua mjukuu wake aliyelelewa mbali. Wakauvua mavazi ya kigeni wakauvalisha magitaa.

Ukisikiliza wimbo wa Franco kwa makini utagundua una vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha maneno: mwendo wa polepole, kisa kinasimuliwa, waimbaji wanapokezana. Halafu ghafla maneno yanapungua, ngoma inabadilika, magitaa yanachukua usukani. Hicho ni chumba cha pili, nacho huitwa sebene. Hapo kuna kazi ya kugawana. Gitaa la ridhimu hushikilia mwendo, la katikati hujaza nafasi, na la solo hurudia kipande kifupi tena na tena mpaka kinakuingia miguuni. Chini yao kuna besi. Hakuna anayepiga mengi. Ukimsikiliza mmoja mmoja utasema, mbona hata mimi naweza? Lakini wakiungana, huwezi kusema gitaa moja limeishia wapi na lingine limeanzia wapi. Franco alikuwa akikwanyua nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na waliomsikia wakamwita mchawi wa gitaa. Enzi za santuri ndogo wimbo kama huo ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, ukigeuza unapata sebene. Santuri kubwa zilipoenea nyimbo zikarefuka. "Mario" ya mwaka 1985 inapita dakika kumi, nayo inahusu kijana aliyesoma lakini anayekaa kulishwa na mama tajiri aliyemzidi umri. Nchini Tanzania mwanamume wa namna hiyo huitwa "marioo", na wengi husema neno hilo lilitoka katika wimbo huo. Kwa hivyo Franco, ambaye aliimba kwa Kilingala, ametuachia neno katika Kiswahili! Wanachama wenzangu, hilo peke yake lilitosha kumpa nafasi katika jarida hili.

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 1978 alifungwa kwa sababu ya nyimbo zilizosemekana kuwa za matusi mazito. Na mwaka 1984 alitoa wimbo wa kumpigia debe Mobutu, ambaye alikuwa mgombea wa peke yake. Mtu aliyeweza kuwasema matajiri, wake na waume bila kuogopa alishindwa kumsema mkubwa huyo, na mimi naona hilo lilimpunguzia heshima. Labda hakuwa na njia. Waliokuwapo watahukumu vizuri zaidi yangu.

Lakini mwaka 1987 alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa Afrika walikuwa hawajalifanya. Alitoa "Attention na SIDA", yaani tahadhari na ukimwi. Humo anaongea zaidi kuliko kuimba, na sehemu kubwa ni kwa Kifaransa ili wa nchi nyingine nao wasikie. Anawageukia watu wa kila tabaka, mmoja baada ya mwingine, akiwaonya. Wakati huo wengi walikuwa wakisema ni ugonjwa wa wazungu au ni uchawi. Miaka michache baadaye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyeishi Dar es Salaam, aliimba kwa Kiswahili "Mambo kwa Soksi", akihimiza kinga waziwazi, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Hapa kwetu Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Hesabuni wenyewe: kutoka 1987 hadi 1999 ni miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa siku ilipotoka ile santuri alikuwa sasa anamaliza shule ya msingi, na huenda alikuwa amewazika wazazi wote wawili.

Franco alipokonda na kuumwa watu walinong'ona sana juu ya ugonjwa wake. Mimi sitaongeza mnong'ono wangu. Mtu aliyewaambia wengine ukweli wa hatari alistahili angalau kuuguzwa bila kutazamwa kwa jicho la pembeni. Alikuwa na miaka 51. Mwili wake ulisafirishwa hadi Kinshasa na nchi ikawekwa katika maombolezo ya kitaifa siku nne, huku redio ikipiga nyimbo zake.

Wanamuziki wa Kongo waliohamia kwetu ndio waliotuletea mtindo huo mpaka mlangoni. Super Mazembe walitua Nairobi miaka ya sabini wakatuachia "Shauri Yako" na "Kasongo", ambao ulirudi midomoni mwa vijana mwishoni mwa 2024 kwa sababu ambazo mwalimu mlezi hatapenda niziandike. Samba Mapangala naye alikuja 1977, akaunda Orchestra Virunga na kuimba kwa Kiswahili na Kilingala pamoja. Mjomba wangu husema harusi ya nyumbani kwetu isiyo na Virunga haijaisha, imeahirishwa tu.

Imebaki moja. Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1997, ndege ndogo ilianguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Aliyekuwa akiiendesha, peke yake, ni John Denver, wa "Take Me Home, Country Roads". Alikuwa na miaka 53. Hakuwa mgeni wa kuendesha ndege, kwani alikuwa na zaidi ya saa 2,700 angani, lakini ndege hii alikuwa amejipatia juzijuzi tu. Ilikuwa ya aina ya Long-EZ, na wachunguzi waligundua kwamba aliyeiunda hiyo moja hakuiweka swichi ya kubadilisha matangi ya mafuta mahali pake pa kawaida. Aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Hebu keti kwenye dawati, jifanye unashika usukani kwa mkono wa kulia, kisha geuka ufikie nyuma ya bega lako la kushoto. Umeona? Mwili mzima unapinda, mguu wa kulia unasukuma mbele bila wewe kutaka, na ndani ya ndege mguu huo uko juu ya pedali. Kabla ya kuruka aliulizwa kama anataka kuongezewa mafuta, akasema hapana, ana safari fupi.

Wimbo wake huo ulitoka 1971. Alioutunga nao, Bill Danoff na Taffy Nivert, walianza kuuandika wakiwa njiani katika jimbo jingine kabisa, Maryland, wakati huo wakiwa hawajaishi West Virginia wala kuifahamu. Pamoja na hayo, mwaka 2014 West Virginia iliuchukua rasmi kuwa mmoja wa nyimbo za jimbo. Toots and the Maytals waliuimba kwa reggae mwaka 1973 wakabadilisha jina la mahali, wakaweka West Jamaica. Na hapa kwetu, Jumapili jioni, kuna stesheni za redio zenye kipindi cha nyimbo za country, na katika matatu ya kurudi mjini utawakuta watu wazima, ambao mashambani kwao ni Nyandarua au Trans Nzoia, wakiuimba kwa macho yaliyofumbwa, kila mmoja akiiona barabara ya kwao.